Ndugu Wawili na Bendera Moja ya Dwarka

Kazi ya kuwapeleka wazee hija imenigharimu goti la kushoto, miavuli tisa, na uwezo wa kula chakula kikiwa moto. Nimehesabu mara mbili. Goti limepata nafuu kidogo tangu nilipostaafu mwezi wa nne, miavuli imebaki kwenye mahekalu ya watu, na chakula bado nakiacha kipoe, kwa mazoea ya kungoja mtu aje kuniambia kwamba bibi fulani haonekani.

Ninawaandikia ninyi mnaokalia viti vyetu pale ofisini North York. Siku ya kuniaga mliniomba niseme siri ya kazi, nikashindwa kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa keki. Siri yenyewe haipo. Kuna viatu tu, na nitavifikia.

Nilianza mwezi wa pili, msimu ambao Toronto humwuliza mgeni kama ana hakika. Nilikuwa na wiki tano nchini, nalala kwenye kochi la binamu yangu kule Parkdale, na kazi niliyoijua ni kuuza mitumba Tanga. Dirisha la ofisi lilikuwa na tangazo: anatakiwa mtu wa kusindikiza wasafiri, ajue Kiswahili na Kigujarati. Kiswahili ninacho cha kugawa. Kigujarati changu kilikuwa cha jikoni, maana tulipanga nyumba moja na Wagujarati wawili na wake zao, nikakua najua kuomba chumvi, kukaripia mtoto na kusema bei imezidi. Mwenye ofisi, Mzee Sadru, Ismailia wa Dodoma mwenye sauti ya chini, alinisikiliza akasema kwamba hayo matatu yanatosha kwa safari ya wiki mbili.

Akanieleza wateja wake. Ni Wahindu wazee waliozaliwa Moshi, Tanga, Kisumu na Jinja, wakahamia Kanada, na sasa wanataka kuona miji mitakatifu ya India kabla miguu haijakataa. Watoto wao wanaweza kulipa lakini hawana likizo. Wajukuu wanaelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza, na hakuna mzee anayetaka kueleza habari za tumbo lake kwa Kiingereza.

"Mahekalu watayaona wenyewe, macho wanayo," Mzee Sadru akaniambia. "Wewe kazi yako ni kuhesabu. Wakienda thelathini na nane, wanarudi wangapi?"

"Thelathini na nane," nikasema.

"Na viatu?"

Nilidhani ananitania. Hekaluni huingii na viatu, na kwenye mahekalu makubwa huingii na simu pia, kwa hiyo lazima mtu abaki nje na mzigo. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Mahekalu mengine yangenikaribisha, mengine yangeniuliza maswali, na mimi sikupenda kuwachelewesha watu mlangoni. Nikawa mlinzi wa viatu. Nimefika miji ya hija mara nyingi kuliko mahujaji wengi, na naijua kwa upande wa soli.

Viatu ndivyo vilivyonifundisha kazi. Kichwa cha mtu kinadanganya: kinainama, kinakwenda kununua bangili, kinajificha nyuma ya kichwa kingine. Viatu havinywi chai. Jozi zikipungua kwenye kapu, ujue nani katoka. Jozi ikibaki peke yake, ujue nani bado yumo ndani akilia mbele ya mungu wake, na mwache alie. Fungeni kila jozi kwa uzi wa rangi. Wakatazeni wazee kuvaa viatu vipya, kwani kiatu kipya huondoka na mguu mwingine hata mahali patakatifu. Na hesabuni mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili ya ofisi, mara ya pili kwa ajili ya usingizi wenu.

Chombo changu cha pili kilikuwa mwavuli nilioufunga kanga kwa juu, ili kundi linione kwenye msongamano. Viongozi wengine walinunua vibendera vyenye jina la kampuni. Kanga yangu iliandikwa "Mwenye haraka atangulie", na wazee wa Tanga waliosoma maneno yale walitembea polepole kwa makusudi.

Safari ya kwanza walinipeleka Dwarka, mji wa Krishna, pembeni kabisa mwa Gujarat, baharini. Kutoka Ahmedabad ni kutwa nzima kwa basi. Dereva wetu alikuwa Mkristo, akabandika msalaba mdogo kwenye kioo. Mama mmoja wa Kisumu alitutazama, dereva, mimi na mtandio wangu, na wenzake wenye tasbihi zao za mbao, akasema kwamba basi hili likipinduka, hakuna Mungu atakayesema hakuarifiwa.

Siku hiyo hiyo ya kwanza nilipoteza mzee. Jozi thelathini na saba zilichukuliwa, moja ikabaki, kandambili za bluu. Nilituma watu ndani mara mbili. Tulimkuta kwa kinyozi, nyuma ya hekalu, amelala kitini, nusu ya ndevu imenyolewa. Alikuwa ametokea mlango wa pili peku peku, na kinyozi alikuwa anamngoja aamke amalize upande wa pili. Tangu hapo, kabla ya kuuliza saa za sala, nauliza hekalu lina milango mingapi.

Mengine mtayajua wenyewe. Bei ya teksi muipatane kabla mizigo haijapanda juu. Kwenye mashua za kwenda kisiwa cha Bet Dwarka, enzi zile kabla ya daraja, bei ilikuwa ndogo mno kuipigania, basi nilipigania idadi ya abiria: kila aliyezidi, nilimwambia nahodha, akae pajani mwake. Sasa kuna daraja refu, basi linavuka kwa dakika chache, na wazee wanalalamika kwamba hawapati nafasi ya kuwatupia ndege chakula. Binadamu ukimwondolea taabu, atakuuliza umeipeleka wapi.

Sasa niwaambie kuhusu ndugu wawili, maana ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizopata, na bado haijaisha.

Ratibhai ndiye mkubwa, Jayantibhai ndiye mdogo. Walizaliwa Moshi, wakazeeka Toronto, kila mmoja akipanga fleti yake kule St. James Town, majengo mawili yanayotazamana. Mama yao, waliyemwita Ba, alifia huku, na alitaka majivu yake yatiwe kwenye mto Gomti, pale Dwarka mto unapoingia baharini. Ratibhai alitangulia na majivu. Jayantibhai alikuwa afuate, theluji ikafunga uwanja wa ndege. Alipofika siku mbili baadaye, kasisi alikuwa amesema siku njema imeshawadia, na kaka alikuwa ameyamwaga. Jayantibhai alikuta maji. Kuanzia hapo hawakusemezana. Walipishana dukani wakinunua bamia ileile.

Ilibaki nadhiri. Ba aliwahi kuahidi kwamba wanawe wote wawili wakifika Kanada salama, familia itapandisha bendera Dwarka. Hii ni desturi ya pale. Juu ya mnara wa hekalu kuu hupepea bendera ya yadi hamsini na mbili, yenye jua na mwezi, na hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Kila bendera hutolewa na familia iliyojiandikisha mapema. Wanaibeba kichwani kwa zamu, kwa ngoma, kuzunguka mtaa hadi hekaluni. Halafu mtu wa ukoo wenye kazi hiyo tangu mababu hupanda mnara, bila kamba kiunoni, akaifunga. Nafasi ni chache na foleni ni ndefu.

Wiki moja mwaka jana Ratibhai alikuja ofisini kujiandikisha kwa safari ya mwezi wa tatu mwaka huu, na bendera, akaniomba nisimwambie ndugu yake. Wiki hiyo hiyo akaja Jayantibhai kwa safari hiyo hiyo, na bendera, na ombi hilo hilo. Sikumdanganya yeyote, nilinyamaza mara mbili. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Bendera moja asubuhi, nyingine jioni, mmoja kiti cha mbele ya basi, mwingine cha nyuma. Nikamtumia wakala wetu maombi mawili.

Wakala alikuwa Hasmukh, mwenye nyumba ya wageni pale Dwarka. Alizaliwa Mombasa akahamia Gujarat kijana, na Kiswahili chake hakijaota kutu. Tulipofika, kabla sijakaa, nikamwomba ratiba. Ilikuwa na bendera moja, ya jioni ya kesho.

"Ya asubuhi iko wapi?"

"Asubuhi ni ya watu wa Rajkot."

Nikamwambia nilituma mbili.

"Bi Zuhura," akasema, kwa adabu ya mtu anayejua hana kosa, "weye kila kitu watuma mara mbili. Vyumba mara mbili. Basi mara mbili. Mwaka jana ulituma idadi ya mito mara mbili, nikatandika mito themanini. Safari hii naona ukoo mmoja, mama mmoja, mji mmoja, nikasema leo sishikwi."

Akaifuta moja. Ipi, hakumbuki. Na kweli, mito ile themanini niliiona kwa macho yangu.

Nilikwenda kwa watu wa Rajkot. Kwenye maisha yangu nimeuza koti la baridi Tanga mwezi wa kumi na mbili, kwa hiyo nilikuwa na imani. Nikamkuta bibi yao kwenye kiti, wajukuu wamemzunguka, wapiga ngoma wameshalipwa. Nikaeleza nadhiri, theluji, majivu, nikaongeza goti langu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula. Nilikwenda na hoja sita, nikarudi na donge moja tamu la ladu.

Ikabaki bendera ya jioni na wazee wawili. Kama mmoja angejitoa, nadhiri ingetimizwa na mwana mmoja, na yule mwingine angekuwa amekuta maji kwa mara ya pili. Kama wote wangekataa, Hasmukh angeigawa kwa wengine, na foleni ilikuwa imeshafika mwaka ujao. Ratibhai alikuwa na miaka themanini na mbili. Hakuna aliyesema, lakini sote tunajua kujumlisha.

Asubuhi ratiba ilikuwa hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, ambalo liko nje ya mji, peke yake. Kasisi wa pale huwaeleza wageni sababu. Krishna na mkewe walimwalika mtawa mmoja mkali. Njiani Rukmini akashikwa na kiu, akanywa maji bila kumkaribisha mgeni kwanza. Mtawa akawalaani watengane. Ndiyo maana mume hekalu lake liko mjini, na la mke liko huku kwenye ardhi ya chumvi, na mahujaji humtolea sadaka ya maji mpaka leo. Wazee wangu waliguna. Mama mmoja aliuliza kwa nini mtawa asiseme tu kwamba naye ana kiu.

Hapo nje nikafanya kile ambacho hakimo kwenye mwongozo wenu wa kazi. Watu walipotoka, niliwapa wote viatu isipokuwa wawili. Machi ya Dwarka si Machi ya Toronto. Jua lilikuwa limepanda, mawe ya uwanja yanaunguza, na ukutani kulikuwa na utepe mmoja tu wa kivuli. Jayantibhai alikuwa ametoka kwanza, akasimama juu yake. Ratibhai alisimama juani, hatua mbili kutoka kwake, akitazama upande mwingine. Kapu nililikumbatia.

Nikawaambia yote: bendera ni moja, aliyefuta ni Hasmukh, sababu ni mimi na kuhesabu kwangu, na viatu watapata wakishaamua.

"Mwambie huyo bwana," Ratibhai akaniambia, "mimi nilijiandikisha Jumatatu."

"Mwambie na yeye," Jayantibhai akasema, "Jumatatu ilikuwa sikukuu, ofisi imefungwa."

"Basi mwambie ilikuwa Jumanne."

Nikawaambia kwamba mimi hulipwa kutafsiri Kigujarati, si Kiswahili kwenda Kiswahili. Hakuna aliyecheka. Ratibhai alianza kupokezana miguu, wa kulia juu, wa kushoto juu, kama kuku kwenye bati. Nilikaribia kumpa viatu vyake. Mkono ulikuwa umeshaingia kapuni.

"Muulize," Jayantibhai akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "kwa nini hakungoja. Siku mbili tu."

Ratibhai aliacha kupokezana miguu, akaikanyagia yote miwili kwenye jiwe la moto.

"Mwambie niliogopa," akasema. "Mtungi uko mkononi, kasisi anasema siku ndiyo hii, na mimi sijawahi kuamua jambo bila kumuuliza Ba. Mwambie bendera aibebe yeye. Ba nilishambeba peke yangu. Haikuwa haki."

Jayantibhai hakuniambia nimwambie kitu. Alimtazama kaka yake miguuni. Kisha akasogea kando, akaacha nusu ya kivuli.

"Motabhai," akasema, ndivyo wanavyomwita kaka mkubwa, "njoo huku kwenye ubaridi."

Ratibhai akaenda. Walisimama bega kwa bega wakitazama ukuta, kama watoto walioadhibiwa. Nikatoa viatu, nikaondoka. Jifunzeni na hili: mkishapatana bei, msimshike mteja.

Jioni bendera ilitoka nyumbani kwa Hasmukh, imekunjwa kwenye sinia. Wenzao wote wa safari waliwafuata, wenye mikongojo na wasio nayo, ngoma mbele. Jayantibhai aliibeba kichwani. Ratibhai alimshika kiwiko, na mtaa mzima nilimsikia akimlaumu kwamba anakwenda mbio, kwamba sinia limeegemea kushoto, kwamba tangu utotoni hajui kubeba kitu sawasawa. Jayantibhai alijibu kila neno. Walikuwa na akiba ya miaka mingi, na waliitumia yote kabla ya kufika mlangoni. Kisha wakavua viatu, wakanipa, wakaingia.

Mimi nilibaki kwangu, nje, na kapu. Kutoka pale mnara unaonekana vizuri kuliko ndani. Nilimwona yule mpandaji, mdogo kama sisimizi kwenye mchongoma, akifika kileleni. Bendera ya zamani ikashuka, mlingoti ukabaki mtupu kidogo, halafu ile mpya ikafunguka kwa mkupuo mmoja, nyekundu, na watu waliokuwa barabarani wakasimama na kuinua mikono, hata wauza maua, hata mwenye ngamia. Mpwa wa Hasmukh aliniuliza kwa nini nalia na si dini yangu. Nikamwambia ni vumbi, aendelee kulinda simu.

Tumerudi Toronto thelathini na nane, na viatu vyote, na bendera ile ilikuwa ya mwisho kwangu kazini. Ningependa kumalizia hapo, lakini Hasmukh ni mtu mwaminifu. Alirudisha ada ya bendera iliyofutwa, senti kwa senti, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetuma maombi, pesa zilikuja kwangu. Mzee Sadru, ambaye siku hizi anakuja ofisini kunywa chai tu, alizitazama akasema ni pesa za mteja, akaendelea na chai yake.

Mteja yupi? Nilimpelekea Ratibhai. Akasema yeye ni mkubwa, alijiandikisha kwanza, kwa hiyo iliyopanda ni bendera yake. Iliyofutwa ni ya mdogo wake, nimpe yeye. Nikavuka barabara kwa Jayantibhai. Akasema aliyeibeba kichwani ni nani? Basi iliyopanda ni yake, na pesa ni za Motabhai. Nimepanda lifti zao mara nne kila upande, kwa goti hili. Hakuna anayekubali kuwa ndiye aliyefutwa, na Hasmukh anaapa hakumbuki. Nikasema zipelekwe sadaka. Wakaulizana kwa jina la nani, na nikaona sauti zinaanza kupanda.

Kwa hiyo naomba ushauri wenu, ninyi mlio kazini na mna akili mpya. Nimpe nani? Mwenye wazo aje nyumbani, chai ninayo. Ila asije na lile la kugawa nusu kwa nusu. Nililitoa wiki iliyopita, wakaniambia hakuna mtu aliyewahi kumpandishia mama yake nusu ya bendera, wakanuna. Wamenuna mpaka leo, wote wawili, kwa pamoja, dhidi yangu.